Sifuri ya mwisho kwenye execl

Mwaka 2007 ofisi niliyofanyia kazi Dar es Salaam ilihamisha programu zake kutoka seva za biti 32 kwenda za biti 64. Msimbo wa lugha ya C uliandikwa na mtu aliyeondoka kabla sijaajiriwa, na kusema kweli alikuwa fundi. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haikutoa onyo hata moja. Kesho yake asubuhi, nakala rudufu ya miamala haipo.

Programu ya usiku ilibana faili kwa gzip, kisha ikafungasha folda kwa tar. Zote mbili ziliitwa kwa execl, amri ya C inayoanzisha programu nyingine, na orodha ya hoja, yaani maneno inayopewa programu hiyo, ikafungwa kwa 0. Gzip ilipita bila shida. Tar ikagoma, na ujumbe ukasema anwani ni mbovu. Kijana mwenzangu akaapa ni diski.

Mzee wetu wa mifumo akatazama mistari ile miwili, akauliza, "Hoja ni ngapi hapa?" Ukihesabu na ile 0 ya mwisho, gzip ilikuwa na tano, tar nane. Kwenye mashine zile, hoja sita za kwanza hupita kwenye rejista, vihifadhi vidogo ndani ya prosesa; zinazobaki huenda kwenye staki, eneo la muda kwenye kumbukumbu. Nikafungua asembli, yaani maagizo ya mashine yaliyotoka kwenye kompaila, nikaliona tatizo lenyewe:

movl $0, 8(%rsp)

Baiti nne zimeandikwa, na pointa, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, ina nane. Nne za juu zilibaki na takataka za kazi iliyotangulia, hivyo execl haikuona mwisho wa orodha, ikazichukua kama anwani ya hoja nyingine, ikaendelea kusoma. Kwa gzip, kufuta nusu ya chini ya rejista kulifuta na ya juu. Bahati tu.

"Lakini Mzee, sifuri si sifuri?" kijana akauliza.

"Ukiandika p = 0, kompaila inajua p ni pointa, inakuwekea pointa tupu, isiyoelekeza popote, ya mashine hiyo. Kompyuta za zamani za Prime, zile za mwanzo za mfululizo wa 50, pointa tupu yake iliweka segimenti 07777, si sifuri, na msimbo wako bado uliandikwa 0. Execl imetangazwa kwa vitone vitatu, yaani aina ya hoja zinazofuata haikutajwa. Kompaila haijui unataka nini, inapeleka int, namba kamili ya baiti nne."

Nikapendekeza tuweke NULL, jina la C la pointa tupu, inasomeka vizuri. Akakataa. Kwenye Linux yetu ingefaa, maana pale NULL ni ((void *)0), ila kanuni za C zinaruhusu iwe 0 kavu, na tungerudi palepale. Tukaandika (char *)NULL, inayotamka wazi kuwa ni pointa, kila mahali. Mimi bado naiona inachafua mstari, lakini nimeendelea kuiandika.

Kwa kuwa nilishapata moto, nikaanza kuwinda kila memset, amri ya kujaza baiti, iliyosafisha kwa sifuri struct (mafungu ya data) zenye pointa, kwani biti zote sifuri si lazima ziwe pointa tupu. Mzee akanikuta saa kumi na mbili jioni bado nabadilisha.

"Acha hizo, mwanangu," akasema. "Prime hatutainunua."