Nilivyoisoma bahari ya kale kwenye ukuta wa timbo

Siku tatu nilisimama mbele ya ukuta wa timbo la mawe huko Kilifi, na daftarini niliandika neno moja: bahari. Makombe tele, matumbawe tele, ningeandika nini tena? Msimamizi wangu alipolisoma aliniuliza, "Bahari ipi? Kwenye mwamba wa matumbawe, nyuma ya mwamba, au ufukweni?" Nikanyamaza.

Aliyenifumbua macho ni mjomba, mvuvi wa siku nyingi. Nilimfuata wakati wa bamvua, maji yamekupwa mpaka mwamba uko nje. Pale ufukweni akaniambia, "Tazama yalivyolala, mwanangu." Karibu makombe yote yalikuwa fudifudi, mgongo juu, kila moja peke yake, kingo zimelika. Lililo chali wimbi hulipindua. Likishalala fudifudi, maji hulipita juu. Kisha akafukua mchanga akatoa kombe lililofia humohumo lilimoishi, vipande vyake viwili bado vimefumbatana. Mbele zaidi, mwambani, matumbawe yalikuwa wima.

Kesho yake nilirudi timboni nikiuliza kila kitu kimelalaje. Chini ya ukuta kulikuwa na tumbawe kubwa kama sufuria ya pilau, kichwa juu, palepale lilipoota. Hapo palikuwa mwamba hai. Juu yake vipande vya matumbawe ya matawi vimelala ovyo, yaani kifusi cha mawimbi. Na juu kabisa mchanga ulioganda, mistari yake ikiinamia upande wa bahari kwa mteremko mdogo, makombe yote fudifudi. Ufuko! Nilikaa chini nikaugusa kwa mkono.

Sehemu kubwa ya mwamba huu wa pwani huhesabiwa kuwa ya miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9 hivi. Umri huo hutokana na vipimo vya maabara. Mpangilio wa mawe hukueleza mahali, si mwaka.

Tangu hapo siandiki "bahari" peke yake. Hata kwenye mawe ya chokaa ya Kambe, ya kale zaidi, ya enzi ya Jurasiki (enzi ya dinosaria), huanza na lenzi, kioo cha kukuzia. Mle mna chembe za mviringo kama mayai ya samaki, ambazo hujiviringa palipo na maji ya uvuguvugu, ya kina kifupi, yasiyotulia.