Jirani yangu Mskoti na neno "manrent"

Jamani, pauni 240 kwa doa la zulia nililolikuta! Wakala wa nyumba niliyohama hapa Edinburgh alikomalia amana yangu, ile pesa ya dhamana anayoweka mpangaji, miezi miwili, na mimi siku ya kuingia sikupiga picha hata moja. Nyinyi mnaojiandaa kuja, ukikabidhiwa funguo tu piga picha kila kona, halafu uliza amana imepelekwa mfuko gani. Sheria ya Skotilandi inampa mwenye nyumba siku 30 za kazi kuipeleka kwenye mfuko maalumu. Si kama ile kodi ya miezi sita tunayoijua.

Aliyeniokoa ni mzee wa ghorofa ya chini. Siku ninahamia alinisaidia kupandisha godoro, doa akaliona. Akaandika barua ya ushahidi, akaisaini, hela ikarudi yote.

Nikamwuliza, mzee wangu, nikulipe nini? Alikuwa mwalimu wa historia. Akachukua bahasha ya bili ya umeme, akaandika nyuma yake: manrent.

Ni Kiskoti cha zamani, mzizi wake ni "mtu": kuwa mtu wa fulani. Kwetu si tunaulizana, "yule ni mtu wa nani?" Karne ya 15 na 16 asiye na nguvu alikwenda kwa bwana mkubwa, wakaandikiana hati. Yeye na ndugu zake watamfuata bwana vitani na kwenye kesi. Bwana atawalinda na kuwatetea. Dhidi ya watu wote, isipokuwa mfalme. Hata damu ilimalizwa hivyo: muuaji aliweza kuwapa wafiwa manrent yake, kisasi kikafa. Bunge lilizikataza hati hizo mijini mwaka 1457, likazipiga marufuku tena 1555, watu wakaendelea kuandikiana. Karibu 800 zipo mpaka leo.

Miaka minne nimewaambia watu nyumbani kwamba huku kila mtu na lake. Nilikosea, na nimewapigia simu kuwaambia hivyo. Undugu wa kuchanjiana tuliosimuliwa na babu zetu, hawa waliuandika kwa wino.

Pesa mzee alikataa. Ila ngazi za jengo lile wakazi husafisha kwa zamu, na magoti yake yamechoka. Zamu yake ikifika napanda basi, ndoo naikuta mlangoni pake, maji ya moto tayari.