Maili 2,460 na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipanda ngazi mbili za lile gari, akasimama katikati. Kulia kwake jiko. Kushoto kimlango chembamba. Akakifungua, akachungulia, akakifunga upesi.

"Baba Neema," akaniambia kwa sauti ya chini, "choo na sufuria vinatazamana?"

"Ndiyo, mama. Vinatazamana."

Hakusema neno jingine. Akaketi, akafunga mkanda, akajitanda mtandio vizuri kama anayesubiri matanga.

Ilikuwa Julai 2024, nje ya nyumba yetu Brooklyn Park, Minnesota. Mama alikuwa amekuja kutoka Lushoto kukaa nasi miezi mitatu, na mimi na mke wangu tulikuwa na ubishi wa miaka miwili usiokwisha: tununue gari-nyumba la aina gani. Mama Neema alitaka lenye injini yake, unawasha unaondoka. Mimi nilitaka tela la kukokota. Mwishowe tukakubaliana tukodi kwanza, twende hifadhi ya Yellowstone kule Wyoming na kurudi, kila senti iandikwe kwenye daftari, na daftari ndilo litoe hukumu. Mama Neema ni muuguzi wa zamu za usiku. Akisema kitu kitaandikwa, kitaandikwa.

Wenyeji huyaita magari haya RV, na wameyapa herufi ambazo nadhani aliyezipanga alikuwa na usingizi. A ni basi zima. B ni kipanya kilichogeuzwa chumba. C, ambalo ungetegemea liwe dogo kuliko yote, liko katikati: kichwa cha Ford, nyuma kimepachikwa kijumba, na juu ya dereva kuna kitanda. Basi jipya la dizeli ni bei ya nyumba yenye uwanja. Kipanya kipya cha Mercedes Sprinter kilichotengenezwa vizuri hupita dola 150,000, nacho kina kitanda kimoja. Hicho tulikifuta siku ile ile, maana kulala chumba kimoja na mama mkwe huwezi hata ukilipwa. C lenye umri wa miaka kumi tuliliona kwa dola 45,000. Tela jipya la wastani unapata kwa 25,000, ila litakokotwa na nini? Sisi tuna Toyota Sienna, na mwisho wa Sienna ni kukokota kilo 1,600 hivi. Kwa hiyo tela la 25,000 lina pikapu ya 50,000 imejificha nyuma yake.

Mimi kabla ya kuja huku nilikaa mwaka mmoja utingo kwenye gari la mjomba, Tanga hadi Arusha. Tulilala kwenye kichwa, tukapika chini ya tela, maji tukabeba kwenye madumu. Mtu akinitajia laki moja ya dola kwa ajili ya gari la kulala, huwa naangalia pembeni.

Tulikodi C ya futi 28 kwa mtu binafsi, dola 189 kwa usiku. Bei hiyo ndiyo inayokuita. Ukishaitika unakutana na ndugu zake: bima dola 30 kwa siku, maandalizi na usafi dola 150, na maili 150 tu za bure kwa siku, ukizidisha unalipa senti 45 kwa kila maili. Mwenye gari alitupa somo la dakika arobaini: hapa unachomeka umeme, hapa mpira wa maji safi, hapa gesi, na hapa (akainama, akashika vishikio viwili vya plastiki) ndipo maji machafu yanapotokea. Kimoja cha maji ya jikoni na ya kuogea, kingine cha choo. Mama alikuwa dirishani juu yetu. Alisikia lugha asiyoijua, lakini mikono aliielewa.

Kuendesha si kugumu. Kugumu ni kukumbuka. Nilibandika karatasi kwenye dashibodi: FUTI 12. Kila paa la sheli, kila tawi la mti, unaisoma upya. Na mkia wake mrefu: ukikata kona kulia, makalio ya gari yanakwenda kushoto peke yake. Kwenye sheli ya kwanza nilipita kando ya nguzo kwa upana wa kiganja, mke wangu akiwa nje ananipungia mikono yote miwili kama anafukuza kunguru.

Barabara ya I-90 ndani ya South Dakota inaruhusu maili 80 kwa saa. Sisi tulikwenda 62. Upepo wa nyika ile unalipiga gari ubavuni, nalo lina ubavu kama kabati, mikono haipumziki. Mafuta nilikuwa nikijaza nikitazama juu. Daftari lilisema maili 9 kwa galoni, yaani kilomita zisizofika nne kwa lita moja.

Usiku wa kwanza tulilala bure, kwenye uwanja wa Walmart pale Sioux Falls. Ruhusa hutegemea meneja wa duka, kwa hiyo unaingia, unaomba, unanunua mkate ili usionekane huna haya. Mpango wa kulala ulikuwa huu: mama chumba cha nyuma, ambacho kina mlango, watoto kwenye meza inayogeuka kitanda, mimi na mke wangu juu ya dereva, nyuma ya pazia, pua ikigusa dari. Saa nne usiku nikasikia, "Hodi." Mama amesimama gizani karibu na pazia letu, amegeuzia uso ukutani. Nikaitikia karibu, kisha nikajiuliza anakaribia wapi.

Alitaka msalani. Si kile cha ndani. Alitaka asindikizwe dukani.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa siku tatu mfululizo. Alishajua kile choo kinakwenda wapi na nani atakayekimwaga, na kwake, mkwe kushika uchafu wa mama wa mkewe ni jambo lisilozungumzika. Pale Chamberlain, tulipovuka mto Missouri, alitumia choo cha kituo cha mapumziko, halafu akasimama muda mrefu chini ya ile sanamu kubwa ya mwanamke wa Kihindi Mwekundu aliyejifunika blanketi la nyota. Futi 50 kwenda juu. "Huyu naye amejitanda," akasema, akaridhika naye.

Hifadhi ya Badlands tulikaa siku mbili, kambi ya Cedar Pass. Majabali yenye mistari, joto kali, na umeme tu: maji unayatia kwenye tangi kabla hujaegesha. Hapo ndipo nilipoanza kulipenda lile gari, lazima niseme ukweli. Nje hema za watu zinachemka, sisi ndani kiyoyozi kinavuma, mama anapika maharage ya nazi, watoto wanacheza karata. Mama Neema hakusema kitu. Alinitazama tu, akaandika kwenye daftari, akachora nyota pembeni.

Maharage yaliyobaki tuliyaweka kwenye friji. Kutoka mji wa Buffalo, Wyoming, barabara ya 16 inapanda milima ya Bighorn hadi futi 9,666, na injini ya petroli huko juu inakosa hewa. Tulipanda kwa maili 30 kwa saa, msafara wa magari nyuma yangu kama harusi. Kuteremkia Ten Sleep niliweka gia ndogo, maana breki za gari zito ukizikalia mguuni zinaanza kunuka. Kwenye kona ya pili mlango wa friji ukafunguka. Tulikuwa tumesahau kukaza komeo lake. Sufuria nzima ya maharage ilitembea kutoka jikoni hadi miguuni pa mama mkwe, naye akainua miguu juu, akasema "Bismillah," akaendelea kutazama bonde.

Yellowstone tulikuwa tumepata nafasi Fishing Bridge, siku tatu, karibu dola 100 kwa usiku. Ndiyo kambi pekee ndani ya hifadhi yenye umeme, maji na bomba la maji machafu pamoja. Sharti lake: gari liwe na kuta ngumu. Mbele yetu getini alikuwa kijana na mkewe wanakokota tela la kukunjua, lile ambalo ukuta wake ni turubai. Wakarudishwa. Sababu ni dubu. Eneo lile ni la kupita kwao, na turubai kwa dubu ni karatasi ya maandazi.

Baridi ya usiku, katikati ya Julai, ilikuwa ya kuvaa sweta mbili. Mama alifurahi. "Sasa hapa ni kwetu," akasema. Lakini ilipofika usiku akapiga hodi ya kwenda nje, Neema, ambaye ana miaka kumi na miwili na alikuwa amesoma kila kibao tangu getini, akamwambia, "Bibi, kuna dubu."

"Dubu mkubwa?"

"Mkubwa kama friji, bibi."

Kimya. Kisha tukasikia kile kimlango chembamba kikifunguka. Mimi na mke wangu tulilala macho tukitazama dari iliyo inchi chache juu yetu, hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Jirani yetu kambini alikuwa mzee mstaafu wa Iowa, na tela kubwa ambalo pua yake hufungwa mgongoni mwa pikapu. Alinionyesha kosa letu bila kulitaja. Kila asubuhi sisi, ili kwenda kuona nyati au Old Faithful, ile chemchemi ya maji moto inayoruka juu, tulikuwa tunang'oa waya wa umeme, tunakunja mpira, tunafunga makabati, tunaondoka na nyumba nzima, halafu tunafika huko hakuna maegesho ya futi 28. Yeye aliacha nyumba kambini, akaenda na pikapu. Nikamtupia mke wangu jicho. Lakini mzee alikuwa mkweli kwa pande zote. Alisema matairi ya magari haya huzeeka kabla hayajalika, kwa sababu yamesimama. Paa lisipozibwa nyufa kila mwaka linavuja, na linavujia ndani ya ukuta, huoni. Na sisi wa majimbo ya baridi lazima kila vuli tuyatoe maji yote, tusukume dawa isiyoganda, ile ya rangi ya waridi, ndani ya mabomba yasipasuke, kisha tulipie mahali pa kuliegesha hadi Aprili. "Mnasafiri siku ngapi kwa mwaka?" akauliza. Tukahesabu likizo za muuguzi na za dereva wa ghala. Kumi na nne. Mzee akanywa kahawa yake.

Asubuhi ya mwisho nikavaa glavu. Kanuni ni moja: choo kwanza, maji ya jikoni baadaye, ili ya pili yausafishe mpira. Nikavuta kishikio. Sauti yake sitaieleza. Nilipoinua kichwa pazia la dirisha la nyuma lilikuwa limefungwa kabisa, mara ya kwanza tangu Minnesota. Niliporudi ndani nimenawa mara tatu, nikakuta chai ya tangawizi mezani, upande wangu. Mama alikuwa anakunja kanga, hanitazami.

"Pole, mwanangu," akasema.

Miaka kumi na miwili alikuwa akiniita Baba Neema.

Tulirudi kwa njia ile ile, haraka zaidi. Usiku wa tisa Mama Neema akajumlisha. Kukodi 1,701. Maili za ziada 500. Bima 270, maandalizi 150, mafuta 929, kambi 570, viingilio vya hifadhi mbili 65. Jumla dola 4,185, chakula mbali. 465 kwa usiku. Kisha akapiga hesabu ya Sienna na hoteli: mafuta yangekuwa 335, lakini pamoja na mama ni vyumba viwili kila usiku, na karibu na Yellowstone chumba hakishikiki. Ilitoka kama 3,500, bado hatujala mgahawani watu watano. Kwa hiyo mama akiwepo, gari-nyumba halina hasara kubwa. Mama asipokuwepo, ni mara mbili ya gharama. Na mama huja mara moja kwa miaka mitano.

Wiki mbili baadaye, mtaa wa tatu kutoka kwetu, tuliona tela la kukunjua limewekwa kibao: dola 3,800, kilo 900 tu, Sienna inalivuta bila kulalamika. Tukasimama wote. Mwenye nyumba akatukunjulia: vitanda viwili, jiko dogo, turubai safi. Mama Neema akapapasa mishono akitafuta ukungu. Mama mkwe akalizunguka polepole, mikono nyuma, kama anakagua ng'ombe wa mahari.

"Baba Neema, choo chake kiko wapi?"

"Halina choo, mama."

Akamgeukia binti yake. "Mlipe huyu bwana."