Nilivyofunga Yom Kippur kwa mara ya kwanza

Mimi ni Mkristo wa Moshi, nasoma kilimo Rehovot, Israel. Familia inayonikaribisha ni Wayahudi washika dini, nikawaomba nifunge nao Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Kwaresima naijua, lakini hii ni takriban saa 25 mfululizo bila chakula wala tone la maji, tangu kabla ya jua kuzama mpaka usiku wa kesho yake.

Mama mwenye nyumba alinipunguzia kahawa mapema, maana kinachowaangusha wengi ni kichwa kuuma, si njaa. Siku ya kuamkia mfungo nilikunywa maji kidogokidogo tangu asubuhi. Chakula cha mwisho: wali, kuku, supu ya chumvi kidogo.

Kazi kubwa ilikuwa kwingine. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasema siku hii husafisha makosa ya mtu kwa Mungu. Ya mtu kwa mwenzake hayafutiki mpaka amtake radhi mwenyewe. Ndiyo maana siku hizo watu hutafutana. Mimi na dada yangu tulikuwa hatusemezani kwa ajili ya kihamba (shamba la familia) cha marehemu baba. Nikapiga simu.

"Shikamoo dada."

Akakawia. "Marahaba."

Nikamwomba msamaha kwa maneno niliyomtolea. "Nimekusikia, mdogo wangu. Ukirudi tutakaa tuongee."

Jioni, sinagogi lilijaa watu wa mavazi meupe na raba za kitambaa, kwani viatu vya ngozi ni mwiko siku hiyo, kama kuoga na kujipaka mafuta. Kol Nidrei, tamko la kufuta nadhiri linalofungua ibada, iliimbwa mara tatu, kila mara sauti ikipanda. Nje hapakuwa na gari hata moja; watoto waliendesha baiskeli katikati ya barabara kuu.

Kesho yake sala zilifuatana kutwa. Toba husemwa kwa wingi: tumekosa, tumesaliti, tumenyang'anya, na kila neno ngumi inagusa kifua. Asiyenyang'anya anamwombea aliyenyang'anya, na hilo lilinigusa kuliko yote. Alasiri, kitabu cha Yona kikisomwa, miguu ilinilegea, nikakaa. Hakuna aliyenishangaa. Mgonjwa ambaye kufunga kungehatarisha uhai wake hukatazwa kabisa.

Kwenye Neila, sala ya kuhitimisha siku, niliweza kusimama tena. Shofari, baragumu la pembe ya kondoo, ikapulizwa mlio mmoja mrefu. Nilianza na maji, kisha kipande cha keki, halafu tukatoka uani na nyundo: desturi yao ni kuanza kujenga kibanda cha Sukkot, Sikukuu ya Vibanda, usiku uleule.