Kwanza mlango, miiba baadaye

Kila mwanafunzi ninayemkalisha mbele ya darubini huanza na miiba. Simlaumu, maana ndiyo inayompokea: kiduara cha kahawia isiyokolea, kimesimama nywele kama shokishoki, upana wake kiasi cha mikromita 50, yaani ishirini zikipangwa mstari zinatimiza milimita moja. Basi anahesabu miiba, anapima urefu wake, na kalamu tayari inataka kuandika jina. Hapo humshika mkono. Kwanza nionyeshe mlango, namwambia.

Nazungumzia sisti za dinoflajelati, yaani maganda wanayojijengea. Dinoflajelati ni kiumbe cha seli moja chenye mijeledi miwili. Mmoja umelala kwenye mkanda unaozunguka kiunoni, mwingine unashuka kwenye mfereji wa tumboni. Nyingi zimevaa vibamba vya selulosi, na selulosi huoza. Lakini baadhi ya spishi, baada ya kujamiiana, hujijengea ganda jingine ndani ya vibamba hivyo, ganda la dinosporini, kisha zikalala matopeni mpaka hali iwe nzuri. Wakati ukifika seli hufungua tundu kwenye ganda, ndilo ninaloliita mlango, ikatoka, ganda likabaki tupu. Hilo ganda tupu ndilo tunaloliokota kwenye mwamba baada ya mamilioni ya miaka. Dinosporini ni ngumu kiasi kwamba tunauyeyusha udongo wote kwa asidi ya haidrofloriki, asidi ya kuogopwa kwelikweli, na sisti inabaki nzima.

Ami yangu ni mvuvi wa madema kule Wete. Alipokuja Unguja kunitazama alichungulia darubini yangu, akauliza, "Mwanangu, kitu chenyewe hata hakionekani kwa macho, ukoo wake mnaujuaje?"

"Kwa pale kilipotokea, ami."

Jibu hilo liliwachukua wataalamu zaidi ya miaka mia. Christian Ehrenberg aliziona sisti hizi kwenye vipande vyembamba vya jiwe la gumegume huko Berlin katika miaka ya 1830. Zilizoonyesha vibamba alizitambua. Zenye miiba akazitia katika Xanthidium, ambazo ni mwani wa maji baridi. Mwaka 1933 Otto Wetzel akazipa zenye miiba kundi lao, na kundi likaendelea kuvimba kwa kila kitu cha duara chenye miiba. Mwaka 1961 William Evitt, Mmarekani, akaliangalia lile tundu la kutokea. Akaonyesha kwamba tundu lile si mpasuko wa bahati mbaya: kingo zake zina pembe, na pembe hizo zinafuata mipaka ya vibamba vya seli iliyokuwa imelizunguka ganda. Tundu hilo tunaliita akeopaili, na kipande kilichofunguka ni kifuniko chake. Miiba nayo, mara nyingi, imesimama kwa mpango wa vibamba. Zile ambazo hazikuwa na ushahidi wa kutosha, mwaka 1963 akazitenga na kuziita akritaki. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote katika fani hii. Muda si mrefu baadaye David Wall na Barrie Dale, kule Woods Hole, Marekani, walichukua sisti hai kutoka matopeni wakaziangua, na dinoflajelati zikatoka mbele ya macho yao.

Sasa njoo kwenye slaidi. Weka tatu pamoja: Operculodinium, Lingulodinium na Polysphaeridium. Zote duara, zote zina miiba mwili mzima, wala mpango wa vibamba huuoni kwenye miiba hiyo. Zungusha skrubu ya kulenga polepole, ushuke kutoka uso wa juu mpaka wa chini, utafute ukingo. Operculodinium imefungua kibamba kimoja tu, juu kidogo ya mkanda. Lingulodinium huachia vibamba kadhaa, kingo zake zina mikato-mikato. Polysphaeridium imeng'oa nusu yote ya juu, unabaki na bakuli. Ukishaliona hilo ndipo miiba inapokusaidia: ya Lingulodinium huchongoka, ya Polysphaeridium ni vijibomba vilivyopanuka mdomoni.

Miiba peke yake inadanganya. Ile ya Lingulodinium hufupika pale chumvi ya bahari inapopungua, na jambo hilo limepimwa kwenye matope ya zama zetu. Anayegawa spishi kwa urefu wa miiba huenda anagawa maji.

Mlango na vibamba ndivyo vinavyopeleka kwenye oda, yaani kundi kubwa la ukoo. Gonyaulakales kwa kawaida wana vibamba sita juu ya mkanda na kimoja kitakoni. Peridiniales wana saba juu na viwili kitakoni. Kwa mfano Deflandrea, ya upande wa Peridiniales, ina pembe moja utosini na mbili chini, na mlango wake uko kwenye kibamba cha kati, baina ya utosi na safu ya juu ya mkanda.

Inaniuma kwamba kila mtu kwetu anamjua mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyeko Berlin, lakini tabaka za Lindi alikotoka zina sisti pia, na Eckhart Schrank alizieleza mwaka 2005. Sisti hizo nazo zinasema bahari ilifika pale.

Na usidhani ni mambo ya mawe tu. Polysphaeridium zoharyi ni sisti ya Pyrodinium bahamense, kiumbe kimoja chenye majina mawili, kwa kuwa aliyeita ganda na aliyeita seli hawakukutana. Hukaa maji ya joto, penye ghuba na mikoko. Kule Ufilipino, tangu 1983, kiumbe hiki kimetia sumu kwenye kome na chaza na watu wamekufa. Kwa hiyo nikiletewa orodha ya sisti iliyoandikwa "duara, zenye miiba" bila neno juu ya mlango, huomba slaidi yenyewe, naanza upya.