Alipokuwa Angali Mbali

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Luka 15:20, katika mfano wa mwana mpotevu: "Alipokuwa angali mbali, baba yake alimwona, akamwonea huruma, akaenda mbio akamwangukia shingoni, akambusu sana."

Wengi wenu mnajua kwamba mwaka huu baadhi yetu wa jumuiya tuliingia Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika hapa Moshi tangu 2003, tukakimbia nusu, kilomita 21 na ushee. Kabla ya hapo tulizungusha daftari la ahadi. Wengine waliahidi shilingi 1,000 kwa kila kilomita, wengine 500, na bibi mmoja akaahidi mkungu wa ndizi, akautoa. Fedha hizo ni za vijana walioacha shule au wasio na wa kuwalea: ada ya ufundi, cherehani, randa na misumeno. Mliotoa, Mungu awabariki. Ambao bado, mtunza hazina anawasubiri.

Lakini leo nina neno juu ya jambo lililonipata kwenye kilima cha kwenda Mweka.

Aliyeipanda barabara ile anaijua. Unafika mahali unadhani kilima kimekwisha, kumbe ndiyo kwanza kinaanza. Jua lilishapanda, mapaja yamekaza, nikaacha kukimbia nikawa natembea na chupa ya maji mkononi. Nikasikia sauti nyuma yangu: "Shikamoo baba. Hayo maji unayamaliza?"

Kijana wa kama miaka kumi na mitano. Kandambili moja ya bluu, nyingine nyekundu. Begani kiroba kimejaa chupa tupu tulizokuwa tukizitupa sisi wakimbiaji. Anaziokota, anauza kwa kilo. Nikaitikia, nikamaliza maji, nikampa chupa. Akaikanyaga mara moja ikalala bapa, akaitia kirobani. Tukapanda pamoja. Akauliza, "Mnakimbia mnapewa nini?" Nikamwambia hatupewi kitu, tunachangisha fedha za kuwasaidia vijana wenye shida.

Akanyamaza hatua kadhaa. Kisha: "Vijana gani?"

Wapendwa, nilikosa jibu. Jumla ya ahadi niliijua mpaka shilingi ya mwisho. Kijana aliyekuwa ubavuni mwangu sikumjua hata jina, na kama si ile chupa nisingemwona kabisa.

Rudini kwenye Luka 15, mstari wa 16. Yule mwana mpotevu alitamani kujishibisha kwa maganda waliyokula nguruwe, "wala hapana mtu aliyempa kitu." Mistari hii nimeisikia tangu Shule ya Jumapili, nikimlaumu kijana kwa urithi alioutapanya. Sikuwahi kujiuliza juu ya wale watu waliokuwa wakipita hapo zizini. Bila shaka walikuwa wema, kila mtu na safari yake. Siku ile ya Mweka mimi nilikuwa mmoja wao.

Halafu mtazameni huyu baba. Kwetu hapa mzee mwenye heshima zake hakimbii. Akikimbia, majirani wanatoka nje kuuliza kuna msiba gani. Naamini hata waliomsikiliza Yesu walishtuka kusikia mwenye mashamba na watumishi anakwenda mbio barabarani. Angeweza kumtuma mtumishi. Angeweza kumsubiri mlangoni asikilize kwanza maelezo. Kijana alikuwa ameandaa hotuba ya kuomba kazi ya kibarua, na baba hakumwacha aimalize. Mbio zake hazikuwa za kuelekea mstari wa mwisho, ziliishia kwenye shingo ya mtu anayemjua kwa jina.

Saburi sisi watu wa kaskazini tunaijua. Mwaka 1968 John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alianguka katika marathoni ya Olimpiki kule Mexico City, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Walianza 75, wakamaliza 57, na yeye akawa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, giza limeshaingia. Tumezoea kuhubiri juu ya goti lake. Mimi siku hizi nawawaza wale wachache waliokuwa bado wamekaa majukwaani alipoingia akichechemea, wakampigia makofi. Kijana aliyepoteza miaka miwili mitaani, anayerudi na nguo zinazonuka gundi, atamkuta nani uwanjani? Hili swali linaninyima usingizi kuliko hesabu za daftari.

Yule kijana wa chupa aliniambia jina lake tulipofika juu. Silitaji hapa, ni la kwake. Nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari letu, mahali palipokuwa pameandikwa tu "vijana wenye uhitaji," na nimeacha nafasi chini yake kwa majina mengine.

Anasema asubuhi anapatikana karibu na stendi. Nimeshazungumza na afisa ustawi wa jamii wa kata, atafuatana nasi. Jumamosi saa kumi na mbili tunaondoka getini kwa kanisa, kwa miguu. Mama mmoja wa jumuiya atabeba chai na vitumbua. Anayeweza kuja aje, na aliye mbali atuombee saa hiyo.