Kotmiri inaota vizuri tu ndani ya fleti Dar, mimi nilifanya hivi

Nianze na waliosema haiwezekani maana ndio walionipotezea muda. Kila nikiuliza habari ya kuotesha viungo ndani, Dar hii hii, ghorofa ya tatu na hamna hata kibaraza, naambiwa joto kali, au mwagilia asubuhi na jioni, na kuna mmoja akaniambia nianze na karafuu. Karafuu jamani! Ile ya dukani ni ua lililochumwa kabla halijafunguka likakaushwa, sio mbegu, haioti hata uimwagilie mwaka mzima. Na mkarafuu wenyewe ni mti mkubwa unaokaa miaka kibao kabla ya kuzaa, sebuleni utauweka wapi?

Hilo la asubuhi na jioni nililifuata na mrehani wangu ukaishia hapo. Majani ya chini yakawa njano, udongo ukaanza kunuka, halafu vikaja vile vijidudu vyeusi vidogo kama mbu asiyeuma, ukigusa tu chungu vinakurukia usoni. Vinataga kwenye udongo mbichi ndio maana hata upulize dawa ya mbu vinarudi. Kilichovimaliza ni kuacha udongo wa juu ukauke kabisa, nikamwaga na mchanga mkavu juu yake unene wa kidole. Saivi nachomeka kidole mpaka pingili ya pili, kikitoka kikavu namwagilia mpaka maji yachuruzike kwenye matundu ya chini, kikitoka na udongo umenata naacha. Ndani hakuna upepo wa kukausha kama nje, hilo watu hawalisemi.

Sasa kotmiri, hapa ndipo najivunia. Mbegu nilinunua duka la viungo, giligilani nzima za kupikia, mia tano tu unapata za kupanda mpaka uchoke, ila ziwe hazijakaangwa na zisiwe za siku nyingi, ukiisugua moja mkononi inukie. Kile kiduara unachokiona sio mbegu moja, ndani mna 2 zimefungiwa na ganda gumu. Ukitupia nzima nzima udongoni zinasubirisha mpaka unakata tamaa. Mimi namwaga kwenye trei, napitisha chupa juu yake taratibu nikikandamiza kidogo mpaka nisikie tak, tak, kiduara kinagawanyika nusu kwa nusu. Usitwange, ukitwanga umepata bizari. Baada ya hapo naloweka usiku kucha, asubuhi natandaza kwenye karatasi, zikikauka juu juu napanda palepale zitakapokulia, kwenye ndoo ya rangi ya lita 10 iliyotobolewa chini. Palepale nasisitiza, maana kotmiri ina mzizi mmoja mrefu unaoshuka chini, ukiotesha kwenye kikopo halafu uhamishe inakasirika na kukimbilia kutoa maua. Wiki moja mpaka mbili zinachomoza, zikichelewa usifukue.

Na kweli joto la Dar linaiharakisha kuchanua, hapo waliosema joto hawakukosea, ila dawa yake ni kupanda ndoo nyingine kabla ya kwanza haijaisha. Ile iliyochanua naiacha izae, zile giligilani mbichi za kijani ukizitwanga na kitunguu saumu ukapaka samaki, asee.

Kitu kingine ni jua. Dar jua halikai upande mmoja, kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba mchana linapita kaskazini, halafu linahamia kusini mpaka Februari. Dirisha la jikoni kwangu linatazama kaskazini, mwezi wa 6 linawaka, mwezi wa 12 halipati kitu, kwa hiyo vyungu vinahamia chumbani upande wa kusini. Mrehani na pilipili vinabanwa kwenye nondo za dirisha kabisa, kotmiri nairudisha nyuma ya pazia jepesi jua likiwa kali.

Mnanaa hauna kazi, nunua fungu sokoni, chagua vijiti vilivyokomaa, kata chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji na uyabadilishe, vikitoa mizizi panda. Chungu chake peke yake lakini, unatambaa na kumeza wenzake. Mchaichai nao unaoteshwa vilevile kwenye glasi ya maji, ila shina liwe na kitako chake cha chini. Tangawizi tafuta yenye macho yaliyovimba, fukia juu juu, ila ujue ni miezi 8 mpaka 10.

Gharama sikumbuki vizuri, udongo na samadi iliyooza haikufika elfu kumi, ndoo nilipewa na mafundi rangi.  Ukivuna kotmiri kata majani ya pembeni, yale ya katikati uyaache yaendelee kutoka.